Kasumba ya Sindano na Bega Lililoganda

Yapo maradhi yasiyoua, na kwa kuwa hayaui hayapewi heshima yoyote katika mipango ya afya wala katika mazungumzo ya watu wazima. Bega lililoganda ni moja ya maradhi hayo. Halina kampeni, halina siku yake katika mwaka, na hakuna anayepanda jukwaani kulihutubia. Lakini mwalimu aliyepatwa nalo katika mkono wa kulia hawezi kuandika juu ya nusu ya ubao. Karani hawezi kushusha jalada kutoka rafu ya juu. Mama hawezi kufikisha mkono mgongoni kufunga vazi lake, wala kuupandisha kichwani kusuka nywele. Usiku, akigeukia upande ule bila kujua, huamka kama mtu aliyechomwa kisu. Na hali hiyo si ya wiki moja au mbili, bali ni ya mwaka mmoja, miwili, hata mitatu.

Kwa kuwa ugonjwa huu hupenda watu wa umri wa miaka 40 hadi 60, na wanawake kuliko wanaume, hauna budi kuingia katika kila ofisi na kila chumba cha walimu. Makadirio ya waganga ni kwamba huwapata watu 2 hadi 5 katika kila 100 katika maisha yao. Wajapani, ambao wameujua siku nyingi, huuita bega la miaka hamsini. Jina la bega lililoganda lilitolewa na daktari mpasuaji wa Boston, Ernest Codman, mwaka 1934. Ni jina la haki, maana ndivyo mgonjwa anavyoona: mkono umeganda, na hata mtu mwingine akijaribu kuugeuza, hauendi.

Kinachotokea ndani kinajulikana. Kiungo cha bega kimezungukwa na kifuko laini, na kwa mtu mzima wa afya kifuko hicho ni kipana, kimelegea chini ya kwapa kama mkono wa kanzu. Ulegevu huo ndio unaouruhusu mkono kupanda hadi juu ya kichwa. Katika ugonjwa huu kifuko huvimba na kuuma kwa miezi kadhaa. Baadaye hunenepa na kusinyaa, na hapo maumivu hupungua lakini mkono hukakamaa. Mwishowe huanza kulegea tena, polepole mno, na kuna wasiopata tena mkono wote waliokuwa nao. Majira haya matatu yafaa yashikwe vizuri, kwa sababu ugomvi wote wa sindano na mazoezi unatokana na watu kuzungumzia majira tofauti wakidhani wanazungumzia jambo moja.

Ugomvi wenyewe unajulikana. Upande mmoja wako wanaosema kwamba sindano ndiyo dawa, na mazoezi ni mchezo wa kumpotezea mgonjwa wakati. Upande wa pili wako wanaosema kwamba sindano ni sumu inayokula mifupa, na kwamba mtu ajikaze tu, anyooshwe, avutwe, achuliwe mpaka bega lisalimu amri. Pande zote mbili zimekosea. Lakini upande wa kwanza ndio wenye wafuasi wengi zaidi nchini, na ndio unaostahili kushughulikiwa kwanza.

Heshima ya sindano katika Afrika Mashariki ina historia yake. Katika miaka ya 1920, serikali ya kikoloni ilipoanza kuchoma sindano za buba, watu walitembea mwendo mrefu kuzifuata, maana vidonda vilivyokuwa vimewatesa vilikauka mbele ya macho yao. Miaka ya 1950 ikaja penisilini, na sindano moja ikatosha kuifuta buba mwilini. Haikuwa ajabu basi wananchi kuamini kwamba dawa ya kweli ni ile inayopita katika chuma. Waliamini walichokiona. Ajabu ni kwamba imani hiyo, iliyokuwa sahihi kwa buba, imehamishwa nzima nzima na kupelekwa kwa kila maumivu ya mwili, hata na watu waliosoma. Hiyo ndiyo kasumba. Mwaka 2000 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika nchi zinazoendelea watu walikuwa wakichomwa sindano bilioni 16 kwa mwaka, na kwamba nyingi kati ya hizo hazikuwa na haja yoyote.

Tazama mambo yanavyokwenda. Mwalimu wa miaka 52 anaingia zahanati akiwa ameushika mkono wake. Anasema, "Daktari, bega limenishinda, nichome sindano." Tabibu, mwenye foleni ya watu thelathini nje, anajibu, "Haya Mwalimu, pole sana, geuka." Mwalimu anageuka, anachomwa diklofenaki katika kalio, na kwa saa chache anapata nafuu. Baada ya siku mbili anarudi. Baada ya wiki anarudi tena. Hakuna aliyemwambia avue shati, wala aliyeugusa ule mkono kuuliza unafika wapi. Hata sukari yake haikupimwa.

Na hapa ndipo penye udanganyifu mkubwa, ingawa wengi wanaoufanya hawajui kwamba wanadanganya. Mtu huyu akisikia kwamba wataalamu wamethibitisha faida ya sindano kwa bega lililoganda, husema, "Naam, ndiyo hiyo niliyochomwa." La hasha! Sindano iliyofanyiwa uchunguzi si ya kalio. Ni dawa ya aina ya kortisoni, inayoingizwa ndani ya kifuko chenyewe cha bega na mkono wa mtu aliyefundishwa. Dawa hiyo hutuliza uvimbe pale pale ulipo. Diklofenaki ya kalio hufunika maumivu ya mwili mzima kwa muda mfupi. Ikirudiwa rudiwa huunguza tumbo, huchosha figo na kupandisha shinikizo la damu, na sindano yenyewe ikikosea mahali huweza kuumiza mshipa mkubwa wa fahamu wa mguu. Mtu akaingia na bega bovu, akatoka na mguu unaoburuzika. Kuziita sindano hizi mbili kwa jina moja ni sawa na kusema kwamba jembe na kijiko ni kitu kimoja kwa kuwa vyote vina mpini.

Sasa wataalamu waliona nini hasa? Mwaka 1998 watafiti wa Uholanzi walichapisha jaribio walilolifanya kwa wagonjwa 109 wenye bega linalouma na kukakamaa. Wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilichomwa dawa ya triamsinoloni ndani ya kiungo, sindano zisizozidi tatu katika wiki sita. Kundi la pili lilipelekwa kwa mtaalamu wa tiba ya viungo mara 12 katika muda huo huo, nusu saa kila mara. Ilipofika wiki ya saba, wagonjwa 77 katika kila 100 wa sindano walikuwa wamepata nafuu kubwa, dhidi ya 46 katika kila 100 wa mazoezi. Mashabiki wa sindano hupenda kuufunga ukurasa hapo. Lakini watafiti hawakuufunga. Waliwafuata wagonjwa wao mpaka mwaka ukaisha, na kadiri miezi ilivyopita tofauti ile ikawa ndogo. Sindano ilikuwa imeshinda mbio za wiki saba, si mbio za mwaka.

Jaribio hilo lina jambo jingine ambalo lingepaswa kusomwa kwa sauti katika kila kikao cha waganga wakuu wa wilaya. Sindano zile hazikuchomwa na mabingwa wa mifupa wenye mitambo ya kumulika mwili, bali na madaktari wa kawaida, wale ambao raia huwaendea kwa mafua na kikohozi. Maana yake ni kwamba ufundi huu unafundishika, na hauhitaji mgonjwa wa Mpanda kusafirishwa hadi Muhimbili.

Mwaka 2003 Wakanada waliongeza neno. Waliwagawa wagonjwa 93 katika makundi manne: sindano pamoja na tiba ya viungo, sindano peke yake, tiba ya viungo pamoja na sindano ya maji ya chumvi, na sindano ya maji ya chumvi peke yake. Wote, bila kubagua, walifundishwa mazoezi mepesi ya kufanya nyumbani. Waliopona upesi zaidi ni wale waliopata sindano na tiba ya viungo kwa pamoja, na waliopata sindano peke yake waliwazidi wale wasioipata. Na baada ya mwaka? Makundi yote manne yalikuwa yamefikia mahali pamoja, hata lile la maji ya chumvi.

Kwa hiyo swali la "sindano au mazoezi" limeulizwa vibaya tangu mwanzo. Sindano ya ndani ya bega haitengenezi mkono. Inanunua wakati. Inampa mgonjwa wiki kadhaa za kulala usiku na za kuweza kuusogeza mkono bila kulia, na wiki hizo asipozitumia kuusogeza, amezitupa. Ndiyo maana mapitio makubwa ya tafiti 65 yaliyochapishwa mwaka 2020 yalipendekeza sindano ya ndani ya kiungo mapema, pamoja na mazoezi ya nyumbani. Majira ya maumivu yakishapita na kifuko kikishasinyaa, faida ya sindano hupungua sana, maana moto uliokuwa wa kuzimwa umekwisha kuzimika wenyewe. Mtu anayechomwa katika mwezi wa kumi na tano kwa bega lisilouma tena, bali limekakamaa tu, amechelewa basi.

Wale wa upande wa pili nao wasishangilie. Hofu yao juu ya kortisoni haikutoka hewani. Dawa hiyo ilipotumiwa kwa mara ya kwanza kwa mgonjwa wa baridi yabisi huko Marekani mwaka 1948, wagonjwa walioshindwa kutembea waliinuka, na mwaka 1950 waliohusika walipewa Tuzo ya Nobel. Kisha, ilipomezwa kila siku kwa miezi na miaka, ikaonekana inavyovimbisha uso, kudhoofisha mifupa na kuamsha kisukari. Lakini kuilinganisha dawa inayomezwa kila siku kwa miaka na sindano moja au mbili ndani ya kiungo kimoja ni kuwatisha watu bure. Katika jaribio la Uholanzi madhara yalikuwa madogo kwa jumla, ingawa baadhi ya wanawake walipata wekundu wa uso au hedhi yao ikavurugika, na ni haki yao kuambiwa hayo kabla ya kuchomwa.

Jambo baya zaidi katika upande huu ni ile imani kwamba bega lisipotii lilazimishwe. Mgonjwa hulazwa, mtu mwenye misuli humkanyaga ubavuni, mkono ukavutwa mpaka kitu kilie ndani, na mgonjwa akizirai huambiwa kwamba dawa imeingia. Huu ni ukatili, na hata pale unapofanywa kwa upole zaidi, katika chumba kisafi na kwa jina la tiba, bado una kosa. Mwaka 2004 Waholanzi wengine walilinganisha wagonjwa 77. Baadhi walipewa mazoezi makali ya kuuvusha mkono mpaka wa maumivu. Wengine walielezwa ugonjwa wao, wakaachwa waendelee na kazi zao na kuusogeza mkono ndani ya mpaka ambao maumivu yanauruhusu. Baada ya miaka miwili, 89 katika kila 100 wa walioachwa kwa upole walikuwa na bega zima au karibu zima. Katika wale waliosukumwa kwa nguvu walikuwa 63 tu. Papo kwa papo kamba hukata jiwe. Bega halikatwi kwa shoka.

Kuna na wachache wenye fedha wanaoona kwamba ubishi huu ni wa maskini, na wao watakwenda kupasuliwa tu. Waingereza walilipima hilo nalo. Katika hospitali 35, wagonjwa 503 waligawanywa kati ya upasuaji wa kukata kifuko kwa kamera, kunyoshwa bega chini ya dawa ya usingizi, na tiba ya viungo iliyopangwa vizuri pamoja na sindano. Matokeo yalitolewa mwaka 2020: baada ya mwaka hakuna tiba iliyozizidi nyingine kwa kiasi ambacho mgonjwa angekiona kuwa kikubwa.

Basi kizuizi kiko wapi? Kiko katika umbali na katika fikra. Wataalamu wa tiba ya viungo, ambao wamekuwa wakifundishwa nchini hapa hapa, KCMC mjini Moshi ikiwa mojawapo ya mahali hapo, wamejikusanya zaidi katika hospitali kubwa za miji. Mwalimu wa kijijini Liwale akiandikiwa mazoezi 12 katika hospitali ya mkoa mjini Lindi, ameandikiwa safari 12 za kwenda na kurudi katika wiki sita. Hiyo si tiba. Mshahara utaishia barabarani, na vipindi vyake havitakuwa na mtu wa kuvifundisha. Ndipo anaporudi kwa diklofenaki ya kalio, na haifai kumlaumu, maana ndiyo pekee iliyo karibu naye.

Lakini sehemu kubwa ya mazoezi ya bega lililoganda haihitaji mtambo wala jengo. Mgonjwa huinama akishika meza kwa mkono mzima, akauacha ule mgonjwa uning'inie na kuuzungusha taratibu kama ndoo inayoteremshwa kisimani. Husimama mbele ya ukuta, vidole vikaupanda ukuta mmoja mmoja mpaka vinapokataa, na mahali hapo huwekwa alama ya chaki ili kesho alama ipandishwe. Hubana kiwiko ubavuni akashika fimbo kwa mikono yote miwili, na mkono mzima ukaisukuma fimbo kuupeleka ule mgonjwa nje. Rula ya ubaoni inatosha kwa kazi hiyo. Baadaye, maumivu yakipungua, kanga hupitishwa juu ya bega zima na kushikwa kwa nyuma kiunoni, ili mkono ulio juu uuvute polepole ule ulio chini. Dakika kumi, mara tatu kwa siku. Mtaalamu anahitajika kumfundisha mgonjwa, kumsahihisha na kumwona tena kila baada ya wiki chache, si kumshika mkono mara 12.

Nchi hii imekwisha kuonyesha kwamba elimu ya namna hiyo inaweza kufikishwa mbali. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi kando ya redio, wakasoma vijitabu, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Walimu ndio waliokuwa miongoni mwa viongozi wa vikundi vile. Itakuwa aibu kama taifa lililofanya hayo kwa redio za betri litasema kwamba haliwezi kuweka karatasi moja yenye michoro minne ukutani mwa kila zahanati.

Kabla ya karatasi, hata hivyo, kuna mambo mawili yasiyotaka mzaha. La kwanza ni sukari. Wenye kisukari hupatwa na bega lililoganda mara kadhaa zaidi kuliko wengine, na kwao hukaa zaidi. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 uliwakuta watu karibu 9 katika kila 100 wa umri wa miaka 25 hadi 64 wakiwa na kisukari, na wengi hawakuwa wanajua. Kwa hiyo bega linaweza kuwa ndiyo barua ya kwanza kutoka kwa ugonjwa mkubwa zaidi. Mficha maradhi kilio humfichua. Tena, dawa ya kortisoni ndani ya bega hupandisha sukari kwa siku kadhaa, na mgonjwa wa kisukari anayechomwa bila kuambiwa hivyo anaonewa.

La pili ni kulijua bega lenyewe. Si kila bega linalouma limeganda. Mwenye msuli uliokatika hushindwa kuunyanyua mkono mwenyewe, lakini akinyanyuliwa na mwingine mara nyingi unakwenda. Bega lililoganda hukataa kwa wote wawili, hasa kiwiko kikibanwa ubavuni na mkono ukigeuzwa kwenda nje, na picha ya eksirei kwa kawaida haionyeshi kitu. Aliyeanguka, mwenye homa, anayekonda, au mwenye kiungo kilichovimba na kuwa cha moto, asichomwe kortisoni wala kupewa mazoezi mpaka ijulikane ana nini. Kifua kikuu huingia hata katika viungo, na kuweka kortisoni juu ya vijidudu ni kuwafungulia mlango wa ghala. Uchunguzi wote huu wa mikono huchukua dakika tano. Ni dakika zile zile ambazo mwalimu wa zahanati aliambiwa ageuke.

Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulipoanza kazi mwaka 2001, watumishi wa Serikali ndio waliokuwa wa kwanza kukatwa mishahara yao, asilimia 3 kwao na asilimia 3 kwa mwajiri. Wana haki ya kuuliza fedha hiyo inanunua nini. Sindano ishirini za kalio zilizoandikwa katika fomu ishirini ni hasara ya mfuko na ya mgonjwa pia. Sindano moja ya ndani ya bega, iliyochomwa katika miezi ya kwanza na tabibu aliyefundishwa katika hospitali ya wilaya, pamoja na kipimo cha sukari na somo la mazoezi la nusu saa, ingekuwa nafuu kwa wote. Vyama vya wafanyakazi, ambavyo hupigania posho kwa sauti kubwa, vingeweza kulitia jambo hili katika madai yao bila kuchoka koo.

Na wakuu wa shule na wa idara nao wana sehemu yao. Mtumishi akileta karatasi ya kupumzika siku tatu kwa sababu amechomwa sindano, huruhusiwa bila swali. Akiomba dakika kumi saa nne asubuhi ili asimame ukutani apandishe vidole vyake, huonekana mvivu. Akiomba ubao ushushwe futi moja, au apewe somo la kusahihisha badala ya la kuandika kwa muhula mmoja, huambiwa kwamba anajidekeza. Futi moja ya ubao hugharimu misumari minne na nusu saa ya fundi wa shule.